Harufu Iliyotuita Gerezani

Wadogo zangu mnaopuliza rangi za magari, juzi nilipita uchochoro wenu pale Gerezani. Hamkunijua. Mlinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha mmoja wenu akashusha turubai mlangoni ili vumbi lisiingie, na kompresa ikaanza kunguruma. Nilikuwa naelekea Kariakoo kununua kandambili, jambo dogo tu, lakini miguu ilikataa. Harufu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, ilitoka chini ya turubai taratibu, ikanipanda puani, na mtaa mzima ukalegea. Wasukuma mikokoteni wakawa wanapita kama watu wanaotembea chini ya maji. Nilikuja kuzinduka muuza maji aliponiuliza, "Braza, unamsubiri mtu?"

Nikamjibu ndiyo. Nadhani sikumdanganya.

Nawaandikia kwa sababu ya turubai lile. Mimi mwenyewe sijafika umri wa kustaafu, nimo katika miaka ya arobaini bado; kifua ndicho kilichonistaafisha. Nimepuliza rangi Dar, Tanga, Mwanza na Mbeya, kwa sababu miguu yangu haijui kukaa, na kila nilikokwenda nilirudi tena Gerezani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mapenzi ya mji.

Gereji yetu ilikuwa ya ushirika, nyuma ya eneo la reli, miaka ile ya Ujamaa ambapo kila mtu alikuwa ndugu, hata yule uliyemnunia. Magari mapya yalikuwa hayaji. La zamani lilifanywa upya, likafanywa upya tena, mpaka likasahau lilizaliwa rangi gani. Kwa hiyo mpuliza rangi alikuwa mtu mkubwa, na mkubwa kuliko wote alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Lindi, mrefu, mpole, mwenye vidole kama vya mpiga zeze. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi waliniita Fomfo, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika gereji ile hilo lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko la kusifiwa.

"Fomfo, shuleni walikufundisha kupapasa?"

"Hapana, Fundi."

"Basi hawakukufundisha kitu. Chukua kipande hiki cha kanga, funika kiganja, ndipo upapase. Ngozi tupu ni mwongo. Nguo itakwambia bati limebonyea wapi."

Na kweli. Jaribuni kesho. Kiganja kitupu hupita juu ya bonde dogo la bati kisilijue, lakini nguo laini ikiwa katikati, bonde linaongea. Athumani alisema rangi nzuri haimo koponi, imo kwenye msasa na pati ya kuzibia mabonde, na kwamba mtu mwenye haraka akauze karanga. Alinifundisha kuiangalia rangi kwa upande, jicho likiwa karibu kugusa bati, kama mtu anayechungulia maji yaliyotuama. Alinifundisha pia jina tuliloipa aibu yetu kubwa: rangi ikipulizwa nzito sehemu moja hushuka na kuganda, na sisi tuliita hayo machozi. Gari likilia, fundi naye hulia, maana itabidi lipigwe msasa lote upya.

Adui yetu alikuwa vumbi. Mnalijua vumbi la Kariakoo, jinsi linavyonuka dagaa, mkaa na pilipili manga kwa pamoja. Punje moja ikitua kwenye rangi mbichi, kazi imeharibika. Ndiyo maana tulikuwa na chumba cha kupulizia. Kilikuwa na madirisha mawili, na yote tuliyaziba kwa magunia tuliyoyaloweka maji. Sakafu tuliinyunyizia. Mlango ukifungwa, gunia jingine lilishushwa kwa ndani. Kitambaa cha pua tulifunga, tukajiona wenye akili, lakini kitambaa huzuia chembe za rangi tu. Mvuke hupita kama mwenye nyumba.

Niwaeleze ilivyokuwa mle ndani, kwa sababu najua nanyi mnapajua. Kwanza kichwa kilibana. Halafu kikafunguka. Sauti ya kompresa ikasogea mbali, ikawa ngoma ya kijiji kingine. Mkono ukaacha kuwa wangu, ukawa unakwenda na kurudi wenyewe, na rangi ikitoka mdomoni mwa bomba ikawa nzuri kiasi cha kutaka kuifuata inakokwenda. Siku moja nilitoka mle nikiwa na hakika kwamba nimezungumza na marehemu babu yangu, naye akaisifu buti ya gari. Nilipowasimulia wenzangu walicheka mpaka spana zikawatoka mikononi.

"Na babu hakusema mlango wa kushoto unapinda?" aliuliza mmoja.

Hatukuona ubaya. Tulikuwa na dawa yake: maziwa. Kila fundi rangi aliamini, na wengine mnaamini hadi leo, kwamba ukinywa maziwa baada ya kupuliza, yanaikata sumu kifuani. Ushirika ulimnunulia Athumani maziwa kila alipotoka chumbani. Kisha zikaja siku za foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, maziwa ukiyaona unasimulia. Athumani akatafuta dawa nyingine ya kukata rangi. Ng'ambo ya bonde la Msimbazi kulikuwa na mama mmoja aliyepika gongo, na gongo haikuwa na foleni.

"Inaunguza koo," alinieleza, "kwa hiyo lazima inaunguza na rangi."

Ndivyo alivyoanza. Mwanzoni ilikuwa ni baada ya kazi tu. Baadaye niliona jambo ambalo sikulielewa: siku alizokuwa hana gari la kupuliza ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Mikono ilimtetemeka. Kelele za watoto zilimchoma. Mtu mpole yule aliweza kumfokea kuku. Alikuwa akizunguka uani kama aliyepoteza ufunguo, kisha utamwona huyo, anashuka bondeni. Na siku akiwa na kazi, aliingia chumbani uso umekunjamana, akatoka ametulia kama mtu aliyeoga.

Mkewe, Bi Zuhura, aliuza vitumbua Mtaa wa Swahili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha mkokoteni. Alimpeleka mumewe kwa shehe, akapewa kombe la kunywa. Alimpeleka kwa mganga, akapewa mizizi. Alimwaga gongo mara nyingi kiasi kwamba majirani walisema hata nyasi za uani kwao zinayumba.

Kisha mama yake Athumani akafariki, wakaenda Lindi wote wawili, wakakaa huko mpaka arobaini ikasomwa. Aliporudi sisi hatukumtambua. Alikuwa amenenepa mashavu. Alitushika mikono mmoja mmoja, na mkono wake ulikuwa mkavu na mtulivu. Mwenyekiti wetu, Ndugu Elisante, fundi injini kutoka Machame ambaye hakuwahi kuonja hata mbege ya kwao, alimwombea hadharani. Jumatatu Athumani akaloweka magunia, akafunga mlango. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshuka bondeni tena.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mji umemharibu. Marafiki. Kijicho cha ndugu zake. Mimi, na kidato changu cha nne, nilisema ni majonzi ya mama. Bi Zuhura ndiye aliyenikamata pale kwenye karai lake la vitumbua, akanielekezea mwiko kama bunduki.

"Fomfo, wewe umesoma. Niambie. Kule Lindi gongo hakuna?"

"Ipo, dada."

"Ipo? Kule wanapika ya mabibo, inanukia hata msibani! Shemeji zake walimletea mpaka miguuni. Siku za mwanzo alitoka jasho, akaniambia hapati usingizi, akagombana na mimi, akagombana na mto. Baadaye akatulia. Ukimpa gongo anaisogeza kama chai iliyopoa. Sasa kama gongo ndiyo inayomwita, mbona kule haikumwita?"

Akageuza kitumbua, akaendelea kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilikuwa geni.

"Jumatatu jioni alirudi na macho yale yale ya zamani. Nikamnusa kinywa. Hakuna kitu. Nikamnusa shati. Rangi. Ni Jumatatu hiyo, hajanywa hata tone, na tayari mume wangu hayupo."

Nilikula kitumbua changu, nikarudi kazini. Jioni, nikiwa natoka chumbani na ule utulivu wa kuoga umenijaa, nilijinusa shati langu pia.

Mambo yaliharibika kwenye Pijo. Ilikuwa gari ya mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, ya rangi ya malai, nyeupe inayoelekea njano, na alitaka imbebe binti yake siku ya harusi. Athumani alishinda chumbani na gari ile. Tulipoondoa magunia, Pijo ilikuwa inalia ubavu mzima, machozi marefu, kuanzia taa ya mbele mpaka buti. Athumani alisimama kando yake anatabasamu, akatuuliza kama tumewahi kuona kitu kizuri namna ile.

Elisante aliitisha kikao hapo hapo chini ya banda. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na kona kali. "Ndugu wanachama," alisema, "tumemvumilia. Tumemwombea. Ushirika si hospitali ya walevi. Napendekeza Ndugu Athumani afutwe uanachama."

Mjue maana yake. Nje ya ushirika hakuna aliyekuwa anapata rangi wala thina. Vitu hivyo vilikuja kwa kibali. Kufutwa kulikuwa kumwambia Athumani vidole vyake havina kazi tena duniani. Na Bi Zuhura alikuwa amekwisha kusema wazi: siku mumewe atakapokosa kazi na kubaki na gongo peke yake, yeye atachukua watoto arudi Lindi, na atarudi bila yeye.

Athumani alikaa juu ya tairi, kichwa chini. Wenzake walitazama spana zao. Hapo ndipo Bi Zuhura alipoingia na beseni lake kichwani, maana habari huko mitaani zina miguu kuliko mimi.

"Ndugu Mwenyekiti, hodi."

"Mama, hiki ni kikao cha wanachama."

"Na mimi ndiye ninayemlaza mwanachama. Nina neno moja tu. Mtoeni kwenye chumba kabla hamjamtoa kwenye ushirika."

Elisante alikunja uso. "Chumba kimefanya nini?"

Akamwambia habari za Lindi, na mabibo, na shati la Jumatatu. Wengine walianza kucheka. "Kwa hiyo gari ndilo linalokunywa?" alisema mmoja, na mwingine akadakia, "Ndiyo maana Pijo inayumba!" Zuhura aliwangoja wamalize, kama mtu anavyongoja mafuta yapate moto.

"Haya, tuseme ni kweli," Elisante alisema. "Atapuliza wapi? Nje? Na vumbi hili? Kuna saa ngapi katika mji huu ambapo vumbi limelala?"

Nikajikuta nimesema, "Jumapili mchana."

Mtanisamehe, nyinyi wadogo hamkuziona Jumapili zile. Nchi ilikuwa inabana mafuta, na Jumapili ikifika mchana magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea. Barabara zilibaki tupu. Ungeweza kulala katikati ya Mtaa wa Msimbazi ukamsikia kasuku wa mtu ghorofani. Maduka yamefungwa, mikokoteni imeegemezwa ukutani, na vumbi, kwa kukosa wa kulitimua, lilikaa chini likapumzika kama sisi wengine.

"Jumapili mimi sifanyi kazi," alisema Elisante. "Na hapa hafanyi kazi mtu."

"Basi Jumatatu utamfuta," alisema Zuhura. "Hilo nalo ni kazi."

Elisante alivua kofia, akaitazama ndani kama kwamba jibu limo mle. Mwisho akasema Pijo ipigwe msasa upya, ipulizwe nje Jumapili baada ya ibada. Rangi ikisimama, Athumani abaki na asipulize tena ndani. Ikilia, basi.

Tulipiga msasa siku zilizobaki, na Athumani hakuingia chumbani. Ilikuwa wiki ngumu. Aliloa jasho kivulini. Alinitukana kwa kosa la msasa, akaniomba radhi, akanitukana tena. Bi Zuhura alihamishia karai lake la vitumbua langoni kwetu, akauzia hapo, na njia ya kwenda bondeni ilikuwa inapita mbele yake.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mchana tulisukuma Pijo mpaka mtaani, tukanyunyizia maji pale palipokauka. Kina mama walikaa vibarazani wakibana kanga zao zisipeperuke, kana kwamba upepo wa kanga ungetosha kuharibu harusi. Jua lilikuwa nyuma ya wingu jembamba, na mtaa mzima ulikuwa na rangi moja, rangi ya ndani ya ganda la yai. Nikawasha kompresa.

Athumani aliinua bomba, akalishusha. Akainua tena. Mkono ulikuwa unamcheza.

"Fomfo," alininong'oneza, "siwezi. Mle ndani mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Hapa niko peke yangu nao."

"Papasa kwanza, Fundi."

Nikampa kipande cha kanga. Akafunika kiganja, akapapasa Pijo yote, mlango kwa mlango, macho amefumba. Alipomaliza mkono ulikuwa bado unatetemeka, ila kidogo. Akaanza. Upepo mwembamba kutoka upande wa reli ulichukua mvuke ukaupeleka zake. Alipuliza tabaka jepesi, akangoja, akapuliza jingine. Katikati ya ubavu alisimama ghafla, nami nikaogopa.

"Naiona," alisema. "Inavyokaa. Miaka yote hii nilikuwa nadhani naiona."

Karibu na mwisho inzi mmoja, mnene, wa Kariakoo halisi, alikuja akatua juu ya boneti akabaki hapo. Elisante alifika, bado na suti yake ya kanisani, akaizunguka Pijo polepole mikono nyuma, akaangalia kwa upande kama tulivyofundishwa wote. Ubavu ulikuwa mkavu wa machozi. Akafika kwenye boneti.

"Na huyu nani?"

"Huyo, Ndugu Mwenyekiti," alisema Athumani, "anaomba uanachama."

Elisante alijaribu kukaza uso, akashindwa. Nilimwona akicheka siku ile tu katika miaka yote.

Msidhani gongo iliisha Jumapili ile. Alirudi bondeni mara kadhaa, na Zuhura akamrudisha. Lakini alikuwa anarudi akiwa na haya, na zamani hakuwa na haya. Tulivunja ukuta mmoja wa chumba, tukapuliza alfajiri na baada ya mvua. Polepole njia ile ya bondeni ikaota majani kwa upande wake. Walipohamia Lindi moja kwa moja alikuwa hajanywa kwa muda mrefu, na aliyelia siku ya kuagana alikuwa Elisante.

Miaka baadaye, nikiwa Mbeya na kifua kimeanza, nilimsimulia daktari mmoja kijana habari za Athumani. Alinisikiliza vizuri. Akasema ubongo una kemikali zake wenyewe za kututuliza na kutupa raha, na unazitoa kwa kipimo. Mvuke wa thina unapita mapafuni, unaingia damuni, unafika huko juu na kugusa karibu pale pale pombe inapogusa. Ukiuzoea, ubongo unabadili vipimo vyake, na ukiukosa, unatafuta kitu kinachofanana nao.

"Kwa hiyo rangi ndiyo iliyomfanya mlevi?"

"Sikusema hivyo, kaka. Wako wapuliza rangi wengi ambao hawanywi. Nasema inawezekana ilimfungulia mlango, kisha ikausimamia usifungwe."

"Na maziwa?"

Akatabasamu. "Maziwa yanaenda tumboni. Mvuke hauko tumboni."

Basi, wadogo zangu, inueni turubai. Lowekeni ardhi, ngojeni mvua, amkeni kabla ya mikokoteni, pulizeni upepo ukiwa mgongoni. Vumbi likiingia mtalipiga msasa.

Mwaka jana nilikwenda Lindi kuwatembelea. Nilikuwa nimepitia Gerezani kwanza, kama kawaida yangu, nikasimama kwenye uchochoro mmoja kwa dakika chache, kama kawaida yangu. Kisha basi, pantoni ya Rufiji, mchanga, basi tena. Athumani alinikumbatia mlangoni, mzee sasa, mikono imetulia. Ghafla akarudi nyuma.

"Fomfo, umepita wapi?"

"Si barabara hii hii, Fundi."

"Vua shati. Linanuka thina."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Bi Zuhura alilichukua shati kwa ncha za vidole, akalifua, akalianika nyuma ya nyumba. Nikapewa msuli na kashata, tukazungumza mpaka jua likageuka. Athumani akaniambia nikaangalie kama limekauka.

Nikaenda. Upepo ulikuwa unalijaza na kulimwaga. Nililishika, nikalileta puani. Lilinuka jua na sabuni, basi. Nikageuza kola, nikanusa. Nikageuza kwapa, mikono, mshono wa mfukoni. Zuhura aliniita mara mbili kutoka jikoni, nami nilikuwa bado nimesimama pale, natafuta.